Sungura Dume Aliyerudishwa Siku ya Tisa

Mpendwa Mama Mwatumu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina raha hata kidogo, nisaidie mama, maana jambo lenyewe ukilisikia utasema ni la sungura tu, lakini limenishinda na nyumba yangu imekuwa kimya. Sisi ni watu wa Vugiri, kule milimani kwenye baridi, tulishuka huku Handeni mwaka juzi kuishi katika kijiji cha ujamaa, na mwaka jana mwezi wa nane mtoto wetu wa kwanza, Kaleb, alifariki akiwa na miezi mitano, mke wangu akawa hali wala hasemi, ndipo shangazi yake Grasiana akamletea kwa basi sungura wawili wadogo ndani ya tenga, dume na jike, akasema awalee wamchangamshe, na kweli mama, baada ya wiki chache nilimsikia akiwasemesha huku akiwapa majani.

Walipoanza kukua mke wangu akaniomba dume ahasiwe, kwanza kwa sababu mwenyekiti alikwisha sema wakizaana watakuwa mradi wa kijiji na wataliwa, na pili, hili aliniambia kwa shida, hakutaka kuona uzazi mwingine pale nyumbani. Nikamwita jirani yetu Saruni, Mmasai, ambaye ndiye anayehasi mbuzi na ndama wa kijiji kizima, na mkewe Namelok ndiye aliyekuwa akituletea maziwa siku zote za msiba. Saruni akafanya kazi yake vizuri, kidonda kikapona, ila alinionya, "Usimrudishe kwa mwenzake mpaka mwezi uandame mara mbili. Nguvu ya zamani bado imo ndani." Akaniambia nijenge banda la pili. Mbao nilikuwa nazo, lakini ilikuwa zamu yetu ya kuvuna shamba la ujamaa na nilikuwa narudi nimechoka, basi dume akakaa kwenye tenga jikoni, halafu mke wangu akaenda Korogwe kwa mama yake siku sita, nami nikaona tabu kukata majani na kusafisha sehemu mbili, siku ya tisa tangu ahasiwe nikamrudisha dume kwa jike, nikamtoa siku moja kabla mke wangu hajarejea, na sikumwambia.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, mke wangu akakuta vitoto saba juu ya wavu wa sakafu ya banda, vyote vimekufa, havina hata nyasi za kulalia kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa jike ana mimba. Akavifunga kwenye kanga yake, akaenda kuvizika mwenyewe, akakataa nimshikie jembe. Aliporudi alisema, "Hata hawa nao nimeshindwa kuwalinda," na tangu hapo amerudia kimya chake.

Watu wakaanza kuniuliza imekuwaje, nami kwenye mkutano wa kijiji nikasimama nikasema Saruni ametudanganya, kazi haijui. Watu walicheka sana. Sasa hakuna anayemwita tena, Namelok akipita kwetu hageuki, na balozi wa nyumba kumi ameniambia Saruni anahama mwisho wa mwezi na familia yake yote, amesema hawezi kukaa mahali anapoitwa mwongo. Labda na mimi nilichangia kidogo. Naomba uniambie, dume ahasiwe tena, au jike naye ahasiwe, na banda liweje ili yasitokee tena? Tafadhali jina langu usilitaje gazetini.

Mwenye mashaka, Handeni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa Kaleb. Msiba wa mtoto haupoi kwa mwaka mmoja, na shangazi Grasiana alifanya jambo la maana.

Nianze na sungura kwa kuwa ndio ulioniuliza habari zao. Dume asihasiwe tena, hakuna kilichobaki cha kukata. Dume aliyehasiwa anaweza kuendelea kumpa jike mimba hata wiki sita, na Saruni alikuambia hivyo hivyo kwa hesabu ya miezi ya angani. Jike muache alivyo, kumhasi ni kumpasua tumbo, na kwa kisu cha kijijini utamuua. Zile mbao zitoe leo. Jenga banda lenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa wavu, ili waonane bila kukutana, liinuke kutoka chini kufika kiunoni, na kila mguu uuweke ndani ya kopo la maji siafu wasipande. Ezeka nyasi nene, maana joto la Handeni si la Vugiri na sungura hufa kwa jua upesi. Juu ya wavu weka ubao wa kulalia. Hiyo miezi miwili ikitimia, wakutanishe.

Hayo yamekwisha. Unasema ulichangia kidogo. Kidogo kipi? Saruni alikuonya, mbao ulikuwa nazo, mkono uliomrudisha dume ni wako. Ulishikwa na uvivu, na uvivu ningekusamehe, sote tunachoka. Lakini ulisimama mbele ya kijiji ukachafua jina la mtu aliyekusaidia, mtu ambaye mkewe alikuletea maziwa ukiwa na maiti ndani. Wafugaji kukubaliwa katika vijiji hivi ni kazi ngumu hata bila wewe kuwaongezea. Nimekukasirikia, sikufichi.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La Saruni nimeliacha, kwa sababu hana la kuficha. Na gazeti hili husomwa kwa sauti kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo likifika kwenu utakuwa na siku mbili au tatu tu kabla kijiji hakijakujua. Mwombe mwenyekiti aitishe mkutano, useme ulichofanya kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, bila hiyo "labda." Kabla ya hapo nenda kwa Saruni na Namelok, uombe radhi mlangoni kwao. Akiamua kuhama hata hivyo, hiyo ni haki yake, nawe msaidie kufunga mizigo.

Ila kabla ya Saruni kuna mtu mwingine. Keti na mkeo leo, umwambie habari ya siku ya tisa. Atakasirika, na uvumilie. Hukumwelewa aliposema ameshindwa kuwalinda. Mwanamke huyo anajilaumu kwa Kaleb, na hakumkosea Kaleb lolote. Usimwachie na hawa saba, hao ni wako.