Dubwana Kwenye Mtaa Wetu

Jumatatu, 4 Aprili 1966

Siku ya kwanza kazini. Nimeaibika kabla hata sijavua koti! Niliambiwa nifike studio ya filamu jioni. Nikainama mlangoni, nikasema, "Habari za jioni." Chumba kizima kikaangua kicheko. Kumbe watu wa filamu husalimiana "habari za asubuhi" saa zote, hata jua likizama. "Huyu katoka wapi, benki?" mmoja akauliza. Masikio yananichoma mpaka sasa.

Lakini nimeliona! Limening'inizwa kwa ndoano, tumbo wazi, linakaushwa na feni — dubwana lenyewe. Vazi tu la mpira, sponji na gundi. Nilidhani nikiliona hivyo nitaacha kulipenda. Wapi!

Baba alisema asubuhi, macho kwenye bakuli lake: nijaribu upuuzi wangu mpaka mvua za Juni zianze. Nikiwa sina la maana la kuonyesha, narudi kukaa kaunta ya bafu letu la kulipia, anakooga mtaa mzima. Kaunta! Kile kiti kirefu kati ya upande wa wanaume na wa wanawake, unapokea hela na kuwaona majirani wote kama walivyozaliwa. Bora dubwana linimeze.

Alhamisi, 14 Aprili

Aliye ndani ya dubwana ni Bwana Ukita. Mwembamba, mpole, ana kikohozi. Kumbe huja kuoga kwetu! Nilipokuwa nakaa kaunta nilifumba macho, ndiyo maana sikumjua.

Wenzangu wanaliita dubwana Bi Harusi, kwa sababu linavishwa na watu wanne, kisha linashikwa mkono na kupelekwa polepole mpaka mahali pake.

Leo limepigana na kaa mkubwa. Mkia ukampiga yule mwenzake aliye ndani ya kaa — kichwani, pwaa! — na dubwana likasimama, likainama mpaka kiunoni kuomba radhi. Kaa naye akainama. Mji unawaka, vifaru vinarusha moto, nao wanainamiana!

"Kata! Kata!" Mkuu wetu, Bwana Hidaka, karibu apasuke. "Ukita, wewe ni janga la taifa, hujaja kunywa chai!"

"Samahani, Mkuu," sauti ikatoka tumboni. Likainama tena.

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikawaza — ndiyo hiyo! Ndiyo maana nalipenda tangu utotoni. Kwenye sinema ya mtaani watoto wenzangu walishangilia jeshi, mimi nikilia kimyakimya likizama baharini. Halikuomba kuamshwa. Waliliamsha kwa mabomu yao, likaja mjini, na mji ni mdogo kwa miguu yake. Linajua linatazamwa, halijui pa kuweka mikono. Najua linavyojisikia.

Jumanne, 26 Aprili

Bwana Hidaka amezikataa nyumba zangu zote za mfano, ninazojenga zikanyagwe. Alizigonga kwa penseli. "Visanduku hivi. Hapa haishi mtu. Dubwana likikanyaga kisanduku, mtazamaji anaendelea kula karanga zake. Jenga mahali unapopajua mpaka harufu."

Ninapopajua ni mahali pamoja tu. Nimeanza bafu letu. Paa lililopinda kama la hekalu, dohani ndefu nyuma. Plasta tunaichanja kwa ndani ili ipasuke vizuri.

Nilimweleza Baba hilo wakati wa chakula — kwamba tunajenga ili vitu vivunjike vizuri. Akasema mji huu ulishavunjika vya kutosha wakati wa vita, na siku hizo hapakuwa na kamera.

Jumapili, 15 Mei

Siri imetoka! Bwana Ukita alimwambia mtu wakiwa ndani ya maji ya moto, na sasa mtaa mzima unajua nimeujenga mdogo studio ili dubwana lipite.

Mama Horie, muuza mboga, kanidaka mlangoni. "Mitsue, mwanangu, na duka langu je? Litakanyagwa?" Sijui, Mama. "Usinitanie! Ujirani wote huu, ninyi mkanyagwe mimi nibaki?" Kinyozi naye anataka mkia upige kibao cha duka lake. Hakuna anayetaka kusalimika!

Baadaye Baba, anasugua sakafu, kanipa mgongo: "Dohani umeiwekea pete za chuma?"

Nimeweka, Baba.

"Na ile ya juu, niliyoifunga baada ya tetemeko?"

Sikuwa naijua.

"Ukiwa chini huioni," akasema. Akaendelea kusugua.

Ijumaa, 10 Juni

Mvua tangu alfajiri. Zimeanza. Muda wangu umekwisha, na ndiyo siku ya kupiga picha mtaa wetu — na Baba amekuja! Anadai bafu halifunguliwi mpaka mchana, basi anapita tu. Kavaa suti ya misiba. La kaunta hajaligusa.

Naandika nimekaa juu ya sanduku, maana kazi imesimama.

Ilikuwa hivi. Mtaa unapigwa picha mara moja tu, kilichovunjika kimevunjika. Asubuhi nilitundika pazia kwenye mlango wa bafu, la buluu kama lile la kwetu, dogo kama stempu. Niliona bila pazia mlango uko uchi.

"Anza!" Bi Harusi akaja. Duka la Mama Horie — puu! Kibao cha kinyozi kikaruka. Vumbi zito, zuri. Baba kando yangu hapumui. Mguu ukainuka juu ya bafu letu. Ukabaki hewani. Ukatikisika. Kisha — likapanua hatua, likalivuka, kama mtu anavyomvuka mtoto aliyelala, likaenda zake.

"Kata!" Mkuu katupa kofia chini. "Ukita! Unakwenda wapi?"

Wakakivua kichwa. Bwana Ukita jasho linamchuruzika. "Nisamehe, Mkuu. Pazia liko nje. Pamefunguliwa. Watu wanaoga."

Hakuna aliyecheka. Bwana Hidaka akachuchumaa, akalitazama bafu. Akauliza nani katundika. Nikainua mkono, nusu. "Basi liondoe, turudie," akasema. Kwa upole! Sijawahi kumsikia hivyo.

Nikasimama. Baba akaniwekea mkono begani.

"Pazia huondolewa na mwenye bafu," akasema. Akamwinamia Mkuu, akavua viatu.

Sasa hivi yuko katikati ya mtaa na soksi zake, mkubwa kuliko dohani, anapita kwa ncha za vidole na kuziomba radhi nyumba zilizobaki. Amepiga magoti mlangoni. Vidole viwili viko kwenye pazia — havivuti. Anachungulia ndani. Ameinua kichwa, ananitafuta gizani, na kwa sauti ile ile ya kila siku anapotaka kufunga:

"Mitsue! Upande wa wanawake wamekwisha?"

Wote wamenigeukia, hata Bi Harusi. Wananisubiri nijibu. Itabidi nipaze sauti. Naweka kalamu —