Plake Niliyoipakaa Matope

Siku ya ine, Alhamisi, jua kali. Ukungu umeondoka mapema hapa Kashuga. Wiki yote nililiomba hili jua, na sasa limekuja, naliogopa.

Niseme sababu. Mutoto wangu Furaha aliolewa kule Kashebere, upande wa Walikale. Iko na mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza inakuja kuzaliwa kwa mama. Tulipatana kesho asubuhi bwana yake amulete kwa moto, yaani pikipiki. Lakini tangu tupatane, barabara imeharibika. Wamama waliotoka soko wanasema wenye bunduki wamefunga njia, wanateremusha batu kwenye moto, wengine hawarudi.

Mimi najua. Furaha hajui. Na simu yangu ilikuwa imekufa.

Muzee aliyekuwa anatuchajia simu alifunga mulango, akakimbilia Sake na jenereta yake. Basi nikatengeneza chaja yangu mwenyewe. Masomo sina, lakini marehemu Baba Furaha alikuwa dereva wa moto, na mimi njo nilikuwa namushikia waya akiitengeneza. Plake, kile kioo cha kunasa jua, niliitoa kwenye taa ya jua iliyovunjika. Kwenye mabaki ya moto yake nikafungua kale katundu ka kuchajia simu, kanakopunguza nguvu isiunguze batri. Nikapasha musumari kwenye makaa, nikayeyusha bati laini ya kulehemu ya redio ya zamani, nikashikisha waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikirudilia kama niko nasali rozari.

Nikaiweka juu ya nyumba. Jirani yangu Mama Chantal akatoka mbio.

“Mama Furaha, hiyo kioo yako inamulika mpaka kilima cha ng'ambo. Unataka wenye bunduki waseme tuko tunawapigia adui zao alama?”

“Ni ya simu, dada.”

“Kaieleze ile ndege isiyo na mutu ndani, inayopita ikitupa mabomu, kama ni ya simu.”

Woga ukanishika. Tole zetu zote hapa, mabati ya paa, tulizipakaa matope zising'ae. Basi plake nayo nikaipakaa matope, vizuri, kila kona, kama vile ukuta.

Nikangoja. Simu nyeusi tu. Nikasema nimeiunguza. Nikafungua waya, nikafunga tena, vidole vikaungua. Nikaanza kuona mutoto wangu na tumbo lake mbele ya bunduki, anateremushwa kwenye moto.

Mama Chantal akarudi kuchungulia. “Uliipakaa matope? Sasa jua litapitia wapi, mama?” Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kisha machozi yakatoka yenyewe.

Jua lilikuwa limeanza kushuka.

Nikaiteremusha uani, nikaipangusa na maji na nguo ya mutoto niliyomutengea mujukuu. Tukashika kitenge, yeye huku mimi kule, tukakitandaza kama pazia upande wa kilima. Kila nyuki akipita, natazama juu, naona ni ile ndege. Mama Chantal alikuwa ananitukana polepole, eti nitamufanya afe sababu ya simu ya kubonyeza, lakini hakuachilia kitenge.

Simu ikawaka, nikamupigia.

“Furaha, usikuje. Barabara ni mbaya.”

“Mama, nimeshafunga mizigo.”

“Ifungue.”

“Na nani atanikanda? Nani ataogesha mutoto?”

“Mama-mukwe wako iko na mikono.”

Nilisema kwa ukali. Ningesema kwa upole angekuja. Akaitika ndiyo, kisha akakata bila kuniaga.

Niko naandika kando ya plake, simu ingali kwenye waya, kitenge nimekifunga kwenye miti miwili. Mama Chantal ameenda kupika. Naogopa kama mwanga ulionekana. Naogopa uchungu utamushika na mimi siko. Na zaidi naogopa atapanda moto hata hivyo, sababu ni mukaidi, na ukaidi aliunyonya kwangu.

Sikuwahi kuwaza nitakataza mutoto wangu kuja kuzalia kwangu.

Asubuhi nitapiga tena. Nikisikia sufuria na sauti ya mama-mukwe nyuma yake, nitamushukuru Mungu. Nikisikia upepo na mulio wa moto, nitamwambia nini?