Mzunguko wa Kumi na Nne

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Uzi mpya umefika dukani kwa Bi Mwanarusi. Na pamoja na uzi, Shanice.

Nianze na uzi, maana wenyewe hauna kosa. Pamba tupu, mwembamba, rangi ambayo sijawahi kuiona pale – si kijani, si kijivu. Bi Mwanarusi alipasua katoni, akanusa kibonge cha kwanza (hunusa kila kitu kinachotoka Mombasa) akasema, "Huu ni mkonge mbichi." Jina likashika papo hapo. Kufikia saa kumi watu walikuwa wanaingia wakiuliza kama mkonge mbichi umebaki.

Sasa Shanice. Tuko naye Kidato cha Tatu. Bi Mwanarusi amemchukua likizo hii apige picha za nyuzi na kuziweka kwenye grupu ya WhatsApp ya duka. Kazi ambayo ningeifanya mimi! Miaka miwili nasimama pale kando ya rafu ya sufu. Namba za rangi zote nazijua kichwani. Hakuna aliyeniuliza. Kweli, na mimi sikuomba.

Aliponiona alisema kwa sauti ya gwaride, "Wewe Daftari, unanunua ama unapiga hesabu?" Ananiita Daftari tangu Kidato cha Kwanza. Simpendi. Sitaki hata kutafuta neno zuri zaidi la kusema hivyo.

Sikukaa benchi, bila shaka. Benchi lile la nyuma ni la wamama wanaojua kushona vitambaa kwa sindano ya kulabu. Kanuni yao haijaandikwa popote: ukitaka dizaini ya mtu, unampelekea kilo ya sukari, unasimama mbele yake na kusema kwa mdomo wako mwenyewe, "Nifundishe." Anakuelekeza mzunguko kwa mzunguko mpaka mkono ujue. Hakuna karatasi. Ukishafundishwa, unasogezewa nafasi benchini.

Mwaka jana nilibeba kilo ya sukari kwenye begi wiki nzima. Kila siku nilifika mlangoni na kila siku neno lilikwama. Ijumaa pakiti ikapasuka. Kurasa za kitabu changu cha Kemia zimeshikana hadi leo.

Jumatatu, 4 Agosti

Mama alinituma vifungo vya shati. Vifungo vinauzwa maduka manne. Nilienda kwa Bi Mwanarusi.

Mama Danson alikuwa benchini akishona ua lake. Mtu yeyote hapa Voi anayepamba viti anajua ua la mkonge la Mama Danson: majani kumi na mawili, ncha kali kama mkonge wenyewe, na linalala juu ya kochi bila kujikunja hata ukilifua mara mia. Alilibuni mwenyewe. Alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge kule Mwatate, babake alikuwa mkataji. Ndilo linalomlisha. Watatu au wanne wamewahi kumletea sukari kwa ajili ya ua hilo. Alikunywa nao chai, akawafundisha maua mengine.

Leo aliniangalia akasema, "Huyu mtoto wa Rachel husimama kama mtu anangoja kuchapwa." Benchi zima likacheka. Shanice akacheka mpaka simu ikamtoka mkononi.

Na mimi nikacheka! Hilo ndilo linaloniuma. Kwa nini nilicheka?

Basi nitaandika hapa kile wasichokijua. Ninalo ua lake. Lote. Liko kwenye daftari langu la miraba, nyuma ya hesabu za matriki: kila mzunguko na idadi yake, kila jani linapoanzia. Nimelisoma kwa macho kutoka kando ya rafu ya sufu, miaka miwili.

Lote isipokuwa mzunguko mmoja. Akifika wa kumi na nne, kila mara, Mama Danson huingiza kazi chini ya leso na kuagiza chai. Mikono inaendelea chini kwa chini. Anapoitoa tena, majani yameshaanza kuchongoka na siwezi kuhesabu kurudi nyuma. Lakini kila mzunguko kabla ya huo unaongeza nguzo (mishono mirefu iliyosimama) kumi na mbili. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Kwa hiyo na wa kumi na nne unaongeza kumi na mbili. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Niliandika kwa kalamu.

Jumatano, 6 Agosti

Jambo geni. Shanice amekuwa mzuri.

Duka lilikuwa tupu, Bi Mwanarusi amekwenda kuswali. Shanice akanivutia stuli. Stuli! "Kaa bana, unanichosha ukisimama." Akaniuliza huwa naandika nini. Nikasema hakuna kitu. Akasema, "Najua unajua kushinda hao wamama wote. Ni vile tu hupendi kujisifu."

Nilimwonyesha.

Nimekuwa nikijiuliza jioni nzima ni kwa nini. Hakunilazimisha. Nadhani nilitaka mtu mmoja tu duniani ajue. Alifungua kurasa taratibu, akasema, "Mungu wangu, Wakesho." Si Daftari. Wakesho.

Akaomba kupiga picha moja ya mwandiko wangu kwa sababu ni mzuri. Nikamwachia daftari.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama amenionyesha simu yake saa ya chai. Grupu ya duka. Kurasa zangu zote nne, zimepigwa picha wima na safi. Chini yake: *Wakesho wetu ametupatia UA LA MKONGE bure kabisa!! Uzi wa mkonge mbichi uko dukani, kuja mapema.*

Watu mia moja na themanini wako kwenye grupu hiyo. Mama Danson ni mmoja wao.

Mama aliuliza, "Alikufundisha lini?"

Nikasema kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Rafu ya mkonge mbichi imebaki na vibonge sita. Shanice anatembea kama mke wa chifu. Nilimvuta kando nikamwambia kwamba hakuwa na haki. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno hayo njia nzima, na yalitoka kama kikohozi. Akasema, "Si nimekuwekea jina lako? Ungetaka niibe?" Namchukia.

Bi Mwanarusi hakupaza sauti. Angepaza ningefurahi. Alinifungia vibonge viwili alivyoagiza mama, akaninyooshea mfuko bila kuniangalia. "Mwanangu, kuna wizi wa mkono na kuna wizi wa macho. Wa mkono hurudishwa."

Na uzi wake ameuuza karibu wote! Hilo hakulisema. Karibu nilitamke mimi. Karibu.

Mtu mmoja tu alinisifu: Mwalimu Gertrude, aliyestaafu kufundisha nasari. Binti yake anaolewa tarehe 23 kule Mwatate. Vitambaa vya meza na viti vya harusi alikuwa amempa Mama Danson ashone, maua thelathini. Leo, mbele ya benchi zima, alipiga simu: "Mama Danson, usijisumbue tena, mimi na dada zangu tutashona wenyewe. Karatasi tunayo." Kisha akanishika shavu. "Hii ndiyo akili ya kitabu! Wengine wanakalia ujuzi kama kuku."

Nafasi ya Mama Danson benchini ilikuwa wazi. Mwalimu Gertrude akaipapasa kwa kiganja. "Kaa, mwanangu."

Nilikaa. Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma: nilifurahi. Ubao ulikuwa na joto.

Jumanne, 12 Agosti

Nilikutana na Mama Danson sokoni. Nilimwamkia. Akachagua nyanya. Nilimwamkia tena, kwa sauti zaidi, na mwenye nyanya akaniangalia kwa huruma. Mama Danson akalipa, akaondoka.

Vizuri. Nani aliyemwambia awe mchoyo? Vitu vya kujua si mali ya mtu mmoja. Kama kila mtu angeficha chini ya leso tusingekuwa na vitabu, shule wala maktaba.

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu. Ni hoja nzuri. Ningeipa alama nane kwa kumi. Sijui kwa nini nimeshindwa kula.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimelishona mwenyewe. Miaka miwili ninalo kwenye karatasi na sikuwahi kulishona mpaka leo! Niliogopa mama angeona.

Mpaka wa kumi na tatu lililala kama sahani. Wa kumi na nne nikaongeza zile nguzo kumi na mbili. Wa kumi na tano likaanza kuinuka ukingoni. Wa kumi na saba lilikuwa limejikunjakunja kama jani la sukuma wiki. Nikalinyoosha kwa pasi. Likalala. Nikatoa pasi. Likainuka.

Nimefumua mpaka kumi na tatu na kujaribu bila kuongeza kitu. Mzunguko mtupu, nguzo juu ya nguzo. Ukalala.

Kwa hiyo hapo anapumzika. Siri yote ni hiyo. Anaongeza, anaongeza, halafu mzunguko mmoja haongezi kitu, na majani yanapata nafasi ya kuchongoka. Hesabu yangu haikuliona kwa sababu hesabu yangu haikudhani kwamba mtu anaweza kuacha.

Nilijua ni kisio. Sikuweka hata alama ya kuuliza.

Na Mwalimu Gertrude na dada zake wanashona thelathini.

Nimwandikie kwenye simu ya mama? Nimeandika mara tatu. Nimefuta mara tatu. Pengine atagundua mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti

Amegundua.

Nilienda dukani saa nne nikidhani sitamkuta Mwalimu Gertrude. Alikuwa amesimama katikati ya duka na mfuko wa plastiki. Aliumimina mezani: maua kumi na tisa, yote yamejikunja, lundo zima likitetemeka kama viumbe. Harusi imebaki wiki moja. Bi Mwanarusi alikuwa amemwita Mama Danson, naye alikuwa mlangoni bado na leso yake begani.

Mama Danson alichukua moja. Akaliweka mezani, akalibonyeza kwa kiganja, akaondoa kiganja. Likainuka. Akaanza kuhesabu kwa ukucha kutoka katikati, taratibu, midomo ikicheza. Akasimama. Sikuhitaji kuambiwa ni wapi.

"Hii kumi na mbili," akasema, "imetoka wapi?"

Hakuniuliza mimi. Aliliuliza ua.

Mwalimu Gertrude ndiye aliyelipuka. "Imetoka kwako! Mtoto hawezi kubuni. Ulijua anakuangalia, ukamtegea uongo ili tuaibike mbele ya wakwe! Mama Danson, wewe ni mtu wa kanisa kweli?"

Mmoja wa benchini akasema, "Ndiyo maana alikuwa anaficha."

Mwingine, "Roho hiyo."

Hata Shanice alikuwa ameacha kutafuna jojo yake. Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka, alikuwa ananisubiri.

Bi Mwanarusi akasema, "Wakesho. Sema mwanangu. Ulifundishwa, ama ulikisia?"

Neno moja tu. Silabi nne. Nilikisia – hiyo ni tano, pamoja na ni. Nilizihesabu! Nilisimama pale kando ya rafu ya sufu nikihesabu silabi. Niliangalia namba ya kibonge: 418. 418. 418.

Nikahamia namba ya kibonge kilichofuata.

Mama Danson alinipa muda. Nataka hilo liandikwe. Alinipa muda mrefu kuliko mtu yeyote mle ndani. Kisha akachukua stuli yake ndogo ya kuwekea miguu, ile aliyokuwa akiiacha chini ya benchi, akaibana kwapani na kutoka nayo. Mwalimu Gertrude akampigia kelele mpaka mtaani.

Benchini watu wakasogea. Nafasi ikawa wazi. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenikataza.

Nilikimbia nyumbani.

Nawachukia wote. Gertrude na dada zake wasiojua hata kujaribu moja kabla ya kushona kumi na tisa. Shanice. Benchi. Bi Mwanarusi na mithali zake na rafu yake tupu. Nimewaorodhesha hapa kwa mpangilio na kila nikifika mwisho wa orodha kuna nafasi moja imebaki.

Jumapili, 17 Agosti

Alasiri. Tumetoka kanisani, mama anapika. Naandika haraka.

Mama Danson yuko sebuleni.

Nilisikia hodi, nikasikia mama, "Karibu, Mama Danson! Leo umepotea njia?" Nikasikia kitu kizito kikiwekwa mezani. Nimechungulia. Kilo ya sukari. Pakiti nzima, haijafunguliwa.

Mama hajui lolote kuhusu jana. Amesema, "Jamani, si ungekuja tu mikono mitupu. Hebu niiweke kwa chai."

"Hapana, Rachel. Hiyo usifungue. Ni ya mwalimu wangu."

"Mwalimu gani?"

"Wakesho. Nimekuja anifundishe ua la mkonge. Wote wanasema yeye ndiye analo."

Mama amecheka kwa sababu alidhani ni mzaha. Halafu ameacha kucheka.

"Wakesho!" Ameniita mara moja. Mara ya pili ametumia majina yote mawili.

Nimefungua daftari. Kwenye kumi na nne nimechora alama ya kuuliza, kubwa, kwa kalamu. Sasa hivi. Haisaidii mtu yeyote, iko humu tu.

Chumba changu hakina mlango, ni pazia. Naona viatu vyake chini ya pazia, vile vyeusi vya kanisani, vina vumbi la njiani. Viko upande huu wa meza. Mama anamwambia akae, kochi liko tupu, chai inakuja.

Amesema hapana, asante. Anayekuja kuomba husimama.

Anasimama. Mkono mmoja umeshika sindano yake, naiona pembeni mwa pazia ikining'inia karibu na sketi. Hatikisiki. Amesema, si kwa sauti, kwa pazia tu:

"Nifundishe."