Huyo Ngoja wa Mlimani

Mwanangu mpendwa, kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi kama mvua. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa na hizo rangi zako? Sisi huku wazima, ila goti langu linanisema. Na ngazi yako, ina mtu wa kuishika? Usinijibu ndiyo ili ninyamaze tu.

Barua yako nimeisoma pole pole mpaka nikaielewa. Nimefurahi umepewa kazi ya kuchora kibao cha historia cha njia yetu ya mlimani. Umeniuliza huyo Ngoja utakayemchora alikuwa na sura gani, maana ofisi iliyokupa kazi imekuambia ni shujaa wa zamani. Mwanangu, nimezaliwa chini ya mlima huu na shujaa Ngoja simjui. Hamu ya kujua ikanikaba, nikaenda mwenyewe.

Nilipanda na wageni wa Kipara, jirani yetu anayeongoza watalii. Wao na fimbo za kukunja, mimi na ndala zangu. Niliwauliza wanakwenda kumwona nani huko juu, wakasema hakuna, wanatembea tu. Nilicheka! Sisi tulipita huko kwa sababu barabara haikuwapo na zahanati ilikuwa ng'ambo ya mlima.

Tulipofika kwenye kona ya mawe mawili yaliyoegemeana, Kipara akawaambia wavue kofia. Eti hapo ndipo Kwa Ngoja, shujaa aliyewangoja maadui peke yake na mkuki, na wekundu wa lile jiwe ni damu yao. Nikamuuliza kaburi lake liko wapi. Akasema halijulikani. Nikamuuliza basi nani alimsimulia. Akasema jina waliliacha wachukuzi wa zamani, mengine kayajaza mwenyewe, na tafadhali mama nisimharibie biashara mbele za watu.

Hapo nikakaa chini. Mawe yale nayajua. Wachukuzi nao nawajua, mmoja wao alikuwa marehemu baba yako. Walikuwa wamenibeba kwenye machela kunipeleka zahanati, uchungu umenishika, nami napiga kelele ngoja, ngoja jamani, ngoja! Wakanitua, wakanifunika shuka, wakageuka kutazama bonde. Wao walingoja. Wewe hukungoja. Tulifika zahanati umelala kifuani kwangu. Tangu hapo kila wakipita walitaniana kwamba wamefika kwa Ngoja. Na jiwe lile lilikuwa jekundu kabla yangu, Kipara asinisingizie.

Kadi yako iliandikwa umezaliwa zahanati, nikaacha hivyo hivyo. Niliogopa wenzako wasije wakakuita mtoto wa njiani, watu wana midomo.

Sasa nakuachia wewe mwenye brashi. Usigombane na ofisi, kazi isije ikakuponyoka. Wakimng'ang'ania shujaa wao, mchore. Ila mkuki mwondolee. Na nguo pia, hukuwa nazo.

Shangazi yako anakusalimu sana. Kula vizuri, na ile ngazi uiangalie.

Ni mimi mama yako,
niliyesema ngoja.