Bado Sijachagua Bastola

Mdogo wangu Glenda,

Amani ya Bwana ikae nawe huko Oregon. Hapa Arkansas miti ya kokwa za pekani imezaa sana, na kwaya yetu imepata mpiga kinanda, ingawa anapiga haraka mno, anatukimbiza.

Umeuliza kama nimenunua bastola, tangu wezi wavunje nyumba ya jirani. Bado. Kila Jumamosi naenda kwa Curtis, mwenye duka la silaha, ananikodishia moja nijaribu kulenga shabaha hapo hapo dukani. Ndogo inafichika mkobani, lakini ukifyatua inaruka mkononi kama samaki. Kubwa imetulia, ila mkobani haiingii.

Juzi Curtis alinitania: "Mama, umejaribu duka zima! Hata mume hukumchagua hivi."

"Ningechagua hivi, Wendell angeoa mwingine," nikamjibu, tukacheka. Kisha akanipanga vidole kwenye mpini, akanishusha bega taratibu.

Glenda, tangu tumzike Wendell, ukiacha salamu za kanisani, hakuna mwingine anayenishika mkono. Bastola ile ya ukubwa wa kati ndiyo inayonifaa, nilijua siku ile ile nilipoijaribu. Lakini nikishainunua, Jumamosi nitakwenda wapi?

Niombee, mdogo wangu.

Dada yako,
Rhonda