Bunduki Isiyo na Kitako

Jumapili, 6 Julai 1997. Kahe.

Mwezi huu natimiza miaka thelathini na minne tangu niteremke kutoka Kibosho. Misa ya kwanza, chai, redio. Halafu nikaitoa tena kabatini, nikailaza mezani juu ya gazeti. Bunduki ya marisau, fupi, nyeusi. Haina kitako. Nyuma ina mshiko kama wa bastola, basi. Polisi wameshaiingiza kwenye leseni yangu. Wazo ni la mwanangu Aloyce. Ameziona Dar kwa walinzi wa kampuni binafsi, kwenye milango ya mabenki.

Sababu ni kihamba cha baba, shamba la ukoo lenye nyumba zetu. Kwetu mtoto wa kwanza na wa mwisho hurithi migomba, wa katikati hujitafutia. Mimi ni wa katikati. Ndiyo maana nilikuja huku kwenye joto kufundisha watoto wa watu. Sasa kaka ni marehemu, na Damasi, wa mwisho, tulimzika mwaka jana. Ukoo unataka nipande nikakae nyumba ya baba. Nyumba ya chini yupo Priska, mjane wa Damasi, peke yake. Binti zao wameolewa. Tangu kahawa ianze kuiva wezi wamemchumia mara mbili.

Nataka kurudi. Niandike hivyo hivyo. Nataka sana.

Jumanne, 8 Julai.

Nimeziweka bunduki zangu zote mbili kitandani nikalinganisha. Ya zamani ni ndefu, nimefukuzia nguruwe pori mahindini miaka mingi. Lakini huku ni uwazi. Kihamba ni kitu kingine. Migomba, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa. Huwezi kunyoosha mkono usiguse jani. Mtutu mrefu utanasa. Fupi inageuka. Inakaa chini ya koti. Inakaa kando ya mto wa kulalia.

Kasoro zake: hakuna cha kuegemeza begani, kwa hiyo teke lote linaishia kwenye kifundo cha mkono. Na kulenga ni kukisia.

Jambo jingine, ambalo sitamwambia Aloyce. Naipenda. Nimesimama nayo mbele ya kioo cha kabati, mzee wa miaka sitini na saba mwenye miwani. Si mara moja. Aibu.

Alhamisi, 10 Julai.

Nimeijaribu shambani. Debe bovu juu ya kichuguu. Ile ndefu ililirusha debe. Fupi ilichimba udongo, mara ya pili ikapasua tawi la mgunga, mara ya tatu nilisogea karibu sana ikalitoboa ovyo. Kifundo kimevimba.

Jirani yangu Elinami, Mpare, alikuja kwa mlio. Akaishika, akaigeuza, akaangalia mahali ambapo kitako kingekuwa.

"Nyie Wachaga hata bunduki mnauziana nusu."

Nikamwambia Mpare angeomba apewe bure hiyo nusu. Tukacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema hii ni bunduki ya mtu mwenye haraka, mimi haraka yangu ni ya nini. Nilimwona ana wivu.

Jumamosi, 12 Julai. Kibosho.

Nimefika. Wiki moja ya majaribio, nimewaambia ukoo. Baridi imeingia hadi kwenye meno. Ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi, mlima sijauona. Nyumba ya baba inanuka moshi wa zamani. Kitanda kile kile. Masale ya mpakani yamesimama kama baba alivyoyapanda, nimeyapapasa moja moja kama mtoto.

Priska alikuja na mtori kwenye bakuli lenye kifuniko. "Shikamoo shemeji." Aliuweka mezani, hakukaa. Nilipomwuliza habari za wezi alijibu akiwa mlangoni. Zamani kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika, na karani alijua kila mtu ana miche mingapi. Sasa wanunuzi binafsi wanasimama barabarani na mizani. Hawaulizi imetoka wapi.

Nikasema nimekuja kumaliza hayo. Akasema asante. Sauti yake haikuwa ya shukrani. Sijui ilikuwa ya nini.

Jumatatu, 14 Julai.

Wamekuja tena. Miche ya karibu na mfereji imekwanguliwa, matawi yamevunjwa, punje nyekundu zimemwagika njiani. Mita mia kutoka kitandani kwangu. Sikusikia kitu. Mlinzi wa jirani alipigwa panga mwezi jana, bado mkono haufanyi kazi.

Nina hasira. Nina hofu pia. Nimeanza kutembea nayo chini ya koti mchana kutwa, hata kwenda chooni.

Jumanne, 15 Julai.

Sijalala. Kila jani la mgomba likidondoka naketi. Huko Kahe najua sauti zote: bata, pampu ya maji, baiskeli ya Elinami. Hapa nilipozaliwa sijui hata moja. Mbwa wa nani huyu? Mlango wa nani? Nimesahau, au zimebadilika.

Nimeamua. Kuanzia kesho naamka kabla ya mwanga, nasimama nyuma ya nyumba. Wezi wa kahawa huondoka alfajiri. Nitawakuta wakitoka.

Jumatano, 16 Julai.

Ukungu mzito. Nilisimama nyuma ya nyumba, koti mwilini, chuma mkononi. Nikasikia majani makavu yakikanyagwa. Juu, upande wa barabara.

Hilo ndilo lililonidanganya. Asubuhi wanawake hupanda kutoka chini na majani ya ng'ombe. Mama alishuka porini gizani, akarudi jua likichomoza. Anayeshuka kutoka juu saa hiyo hana kazi ya halali. Niliwaza hivyo, kwa sentensi kamili, kama mwalimu.

Kitu kikubwa kikatokea kati ya migomba. Hakina kichwa. Kipana juu, miguu miwili chini.

Niligeuka. Chuma kiligeuka nami, hakikunasa popote. Nilivuta.

Haikulia. Nilikuwa nimesahau kuondoa kizuizi.

"Shikamoo shemeji," mzigo wa majani ukasema. "Mbona mapema hivyo?"

Priska. Akauegemeza mzigo kwenye mgomba, akafuta uso, akaangalia mikono yangu.

"Na hilo bomba la dawa, mtungi wake uko wapi?"

Alidhani ni la kupulizia kahawa. Nikasema marahaba. Akajitwika tena, akashuka kwa ng'ombe wake.

Siku hizi majani huletwa na pikapu kutoka tambarare, yanashushwa barabara ya juu. Ni miaka mingi sasa. Mtoto yeyote wa hapa angeniambia.

Alhamisi, 17 Julai.

Sikutoka nje. Priska ameleta kiburu, nimeshindwa kula.

Ile ndefu ningelazimika kuinua, kuegemeza begani, kufumba jicho moja. Katika kufanya hayo mtu huiona miguu ya shemeji yake. Huu wepesi niliuandika upande wa faida.

Ijumaa, 18 Julai.

Nimekata sale mpakani, jani letu la kuombea msamaha. La kijani, lisilo na doa. Nikalifunga fundo, nikashuka nyumba ya chini. Priska alikuwa anakamua. Alipoliona mkononi mwangu alisimama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, umenikosea nini?"

Nikamwambia. Lile halikuwa bomba. Na kwamba nilivuta.

Alikaa kwenye kigoda. Ng'ombe aliendelea kutafuna majani yale yale. Mwenye sale hakataliwi, hilo halijabadilika mlimani, lakini alichelewa kulipokea. Mkono wangu ulichoka. Nikaona ana haki.

Alipolipokea alisema, "Wezi nawajua. Nilikuogopa wewe. Nilidhani umekuja kunitoa kihambani."

Wiki nzima nilikuwa nalinda mpaka, na mtu mwenye hofu alikuwa ndani yake.

Jumamosi, 19 Julai.

Kikao cha ukoo, nyumbani kwa mwenyekiti wetu. Nikasema mimi ndiye mtoto wa kiume aliyebaki, na neno langu ni kwamba Priska abaki na kihamba chote, na baada yake binti zake. Kelele. Mwanamke atakaaje na kihamba. Wageni watachukua ardhi kwa mlango wa wakwe, waume wa binti. Mwenyekiti akauliza, kwa neno letu la kumheshimu mzee, "Mbe, na wewe utazikwa wapi?" Swali zuri. Nimelijibu vibaya, nimesema popote.

Mwisho wakakubali kwa manung'uniko. Nao hawana hamu ya kulala huko kungoja wezi.

Priska amesema atachuma kila siku mbili, asingoje mti uive wote. Majirani wawili, wanawake, watachuma naye kwa zamu, leo kwake, kesho kwao. Walikwisha kupatana kabla sijaja. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza.

Jumapili, 20 Julai. Kahe.

Nimerudi jana jioni. Njiani nilipita polisi mjini, nimeiacha ile fupi kwao mpaka duka lililoniuzia litakapoichukua. Askari aliuliza ina ubovu gani. Nikasema haina.

Misa ya kwanza, chai, redio. Elinami amekuja na papai, kubwa, amelitoa bure. Nimemwambia Wapare wanaharibika. Akaketi.

Asubuhi mawingu yalipanda na mlima ukaonekana wote, hadi kwenye theluji. Kutoka huku unaonekana vizuri kuliko kutoka kwetu.

Priska amenipa kikapu cha ndizi na chipukizi moja la mgomba. Nimelipanda kando ya kisima.

Sitarudi Kibosho.