Tangazo, Picha

Ijumaa, Newala. Ukungu uligoma kuondoka mpaka saa nne.

Shajara, leo nimeumbuka.

Unajua nilivyojitapa wiki hii. Nimekuwa nikijifunza mtandaoni jinsi ya kutengeneza tovuti ambayo hata mtu asiyeona anaweza kuitumia bila kuomba msaada. Nikaifumua tovuti niliyokitengenezea mwaka huu chama chetu cha wakulima wa korosho: rangi zikakolea, maandishi yakakua, vitufe vikapewa majina. Nikaipitisha kwenye programu ya kukagua, ikanipa alama za juu. Nikajiona bingwa.

Somo la mwisho lilisema mpe asiyeona aitumie, wewe kaa kimya. Nikaenda kwa Mama Somoe, mkulima ambaye macho yalimzimika ukubwani. Simu yake inamsomea kwa sauti kila anachokigusa, na anaichezea haraka kuliko mimi.

Akafungua ukurasa wa matangazo. Simu ikasema: "Tangazo, picha." Akatelezesha kidole. "Tangazo, picha." Akatelezesha tena. "Tangazo, picha."

Basi. Hakuna kingine.

Chama chetu hakitoi neno bila muhuri. Katibu anaandika barua, anaigonga muhuri, anaipiga picha, ananitumia, naibandika. Huku kwetu tangazo lisilo na muhuri ni uvumi tu. Nami kila picha niliipa maelezo ya neno moja, "Tangazo", na ile programu ya kukagua ikaridhika.

Nilitaka kucheka. Mama Somoe akaniwahi.

"Ndo inavyosema kila asubuhi, mwanangu. Nikajua salfa ya mwaka huu bado haijaja."

Salfa imekuja! Mikorosho yake imeanza kutoa maua, na yasipopuliziwa dawa hiyo ugonjwa utayakausha, msimu wake uishie hapo. Nikaikuza picha kwenye simu yangu, nikamsomea: salfa inagawiwa ghalani, mwisho Jumamosi.

"Jumamosi ipi?"

Ya kesho, mama.

Nikamuuliza miaka ya nyuma alikuwa anapataje habari. Akajibu bila hasira yoyote.

"Si lilikuwa linapita gari la kipaza sauti? Wamelisimamisha. Wanasema siku hizi kuna tovuti."

Tovuti yangu.

Kabla yangu, mama huyu alikuwa anasikia habari sawa na kijiji kizima. Nimekuja mimi na utaalamu wangu, nimemfungia nje, tena nikapongezwa. Nashangaa, naona aibu, halafu nashangaa upya.

Nimempigia katibu. Nimemwambia kuanzia sasa kila barua naichapa neno kwa neno chini ya picha yake. Akaguna: "Bila muhuri nani ataamini?" Muhuri ubaki, nikamjibu, ila maneno yawepo. Akakubali. Nilipomwomba alirudishe gari la kipaza sauti, akasema tutaona.

Mimi sitangoja kuona. Nimeazima pikipiki ya shemeji, alfajiri nampitia Mama Somoe twende ghalani.

Watu humalizia shajara zao kwa kuandika kwamba kesho ni siku nyingine. Kwa Mama Somoe, kesho ndiyo siku ya mwisho.